Zumari Haikatiki Njiani

Korona ilimla mtu mkono siku ya Jumanne, na Jumatano asubuhi baba akaniweka mimi pale pale aliposimama yule mtu. Ubao ulikuwa umeoshwa, lakini haukuoshwa vizuri. Kiwandani hakuna aliyekuwa na muda wa kuosha vizuri.

Asiyeijua korona nimweleze kwa ufupi. Ni mashine ya kukwangua majani ya katani mpaka yabaki nyuzi nyeupe. Unayatandika majani kwa mikono, inayavuta. Ukichelewa kuachia, inakuvuta na wewe. Maji ya katani yanawasha ngozi mpaka unajikuna damu, na ule uvundo wake hautoki hata ukioga mara tatu. Miaka ile ya hamsini, kutoka Tanga mpaka Pangani, ukitupa jiwe linaangukia kwenye katani, na wanaume wengi tuliokuwa na mikono miwili tulikuwa tukiiuza huko.

Baba yangu alikuwa nyapara wa kiwanda hicho. Alitembea na bakora ya mtobwe, na haikuwa ya kujishikizia. Aliwachapa manamba waliotoka bara, akawachapa Wabondei, na mimi akanichapa zaidi ya wote ili mtu asije akasema nyapara anamdekeza mwanawe. Nimepigwa na baba mbele ya watu mia nikiwa na miaka ishirini na miwili na ndevu zangu. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia habari yenyewe huanza kunihukumu mimi. Nihukumuni, lakini hilo nalo liwekeni kwenye mizani.

Mimi nilikuwa na jambo langu jingine. Mtaani kwetu alikuwapo mzee mmoja wa Kidigo, mpiga zumari, nami nilikuwa nikimwita fundi. Alinifundisha kwa bua na bakuli la maji. Unapuliza ndani ya maji, povu linatoka, na povu lile lisikatike hata unapovuta pumzi. Mashavu yanashika hewa, pua inavuta nyingine. Mwaka mzima nilipuliza maji kama punguani, mama akinicheka, mpaka siku moja povu likaacha kukatika. Ndipo fundi akanipa zumari yenyewe, yenye matundu yanayotaka vidole vyako vyote viwe hai.

Sasa nimesimama mbele ya korona, natazama vidole vyangu vikiingia na kutoka. Jumatano ile sikufikiri kingine tangu asubuhi hadi king'ora.

Jioni, baada ya magharibi, nikamkabili baba ukumbini.

"Baba, nataka kuacha kazi. Nataka nipige zumari, iwe ndiyo kazi yangu."

"Zumari ni kazi?"

"Fundi anaishi kwayo."

"Fundi wako anaishi kwa tembo la mnazi na makombo ya harusi za watu. Mimi nimekuzaa uwe mwombaji?"

Nikamwambia kwamba mwombaji mwenye mikono miwili ni bora kuliko mlisha mashine mwenye mmoja. Hapo nilikosa adabu, najua. Alinipiga mdomoni kwa kisigino cha kiganja, jino la mbele likalegea, nikatema damu mkononi. Mama alikuja mbio kutoka jikoni, akasukumwa, akaangukia mlango.

Baba hakupandisha sauti. Alisema, "Ukitoka kiwandani bila idhini yangu, radhi yangu huna. Si duniani, si akhera."

Kwetu sisi neno hilo halina dawa. Mtu aweza kukosa kazi, nyumba, hata mke, akaishi. Lakini mtoto asiye na radhi ya baba, watu humtazama kama maiti anayetembea. Nilikwenda kazini Alhamisi. Ijumaa nikaenda. Ijumaa hiyo jani moja lilinivuta, kucha ya kidole kidogo ikabaki humo ndani. Jumamosi sikwenda.

Jumamosi hiyo kulikuwa na harusi Mwera, na fundi alikuwa amelala, kifua kimembana. Alinitumia zumari yake mwenyewe na neno moja: isikatike. Nililielewa. Huko zumari ikishamtoa bwana harusi kwao haikatiki mpaka afike mlangoni kwa bibi harusi. Ikikatika njiani, wanasema, ndoa nayo imekatika. Palikuwa na mwanamke kijijini humo aliyefia uzazi, na miaka minane baadaye wazee walikuwa bado wanamtaja mpiga zumari aliyekohoa siku ya harusi yake.

Tukatoka baada ya alasiri. Ngoma mbili nyuma yangu, bwana harusi katikati na joho lake, vijana wa kwao wamemzunguka na fimbo zao za kuchezea, wanawake wanapiga vigelegele. Jino lililolegea lilikuwa linauma hadi sikioni. Tulikuwa tumefika katikati ya njia, kwenye minazi, lori la katani likasimama na baba akashuka.

Pigo la kwanza lilinipata mgongoni. Sikugeuka, nilimjua kwa bakora. La pili lilinipasua juu ya sikio, damu ikateremka shingoni ikiwa ya moto. Nikavuta pumzi kwa pua, nikaendelea kupuliza. Watu walidhani ni mwendawazimu, wakawa bado wanashangaa. La tatu alikusudia zumari yenyewe. Nikainama, bakora ikapita, ikatua begani kwa bwana harusi.

Haya tena. Kumpiga bwana harusi njiani, mbele ya nduguze! Vijana hawakuuliza. Fimbo za kuchezea zikawa fimbo za kupigia. Wa kwanza alimkata baba mtama, wengine wakamvamia palepale alipoanguka. Kofia yake ilikanyagwa ikazama matopeni. Nilimwona akiinua mkono wa kulia kujikinga uso, na fimbo zikishuka juu ya mkono huo huo, tena na tena, kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja.

Mwera hakuna aliyemjua. Pale njiani ni mimi peke yangu niliyejua ni nani. Ningeitoa zumari mdomoni niseme maneno matatu, ni baba yangu, wangeacha.

Sikuitoa. Niliwapita nikipuliza, damu yangu ikiingia kinywani na kutoka na sauti. Zumari ina kelele, sikuusikia mfupa ukivunjika. Nimewaambia watu wengi kwamba ni mila iliyonizuia. Uongo mtupu. Niliona raha. Wanasema mcheza kwao hutunzwa, na mimi kwetu nimetunzwa bakora miaka yote, basi siku ile nilipiga zumari ambayo sijawahi kuipiga tena, na kina mama wa Mwera wakanitupia kanga zao njiani nizikanyage.

Tulipofika mlangoni kwa bibi harusi niliitoa mdomoni, nikarudi mbio. Nilimkuta ameegemea mnazi, kibibi mmoja anamnawisha uso kwa maji ya kata. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjika pasipo na kiwiko.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza, baba."

Nilimbeba mgongoni hadi barabara kuu.

Korona sikuikanyaga tena, wala yeye hakuikanyaga tena kama nyapara, maana mzungu wa shamba hakungoja mkono upone. Mganga aliuunga kwa banzi na majani, ukapona ukiwa umepinda. Nilipiga zumari Tanga yote, Pangani, Mkwaja, mpaka Pemba nikavuka. Nyumbani tulisalimiana. Shikamoo, marahaba, basi. Mama alilia kila nilipotoka na zumari yangu kwapani, si kwa sababu ya zumari.

Siku moja kabla ya mfungo wa Ramadhani, watu wanapotakana msamaha, mama alinishika kanzu akanipeleka ukumbini. Nikapiga magoti. Nikayasema yote: kwamba niliona, kwamba ningeweza kusema, kwamba sikutaka. Baba alisikiliza akitazama mlango.

"Radhi nimekupa, mwanangu," akasema, akaninyooshea mkono niubusu.

Wa kushoto. Mama akashusha pumzi, akanong'ona kwamba ule wa kulia ni mbovu, hauinuki. Lakini mchana huo huo nilikuwa nimekaa na baba kwenye sinia moja, na wali aliula kwa mkono wa kulia, tonge baada ya tonge, hadi akashiba.

Nikaubusu huo wa kushoto. Ndio niliopewa.