Tanuri Nililolifunga Ruring'u

Nilipokuwa afisa wa afya Nyeri, nilifunga tanuri la mikate la mama mmoja mjane wa Ruring'u. Majirani walilalamika juu ya moshi, nami niliuona kwa macho yangu, mzito, ukipanda juu ya mabati.

"Bwana Afya, hii moshi si yangu peke yangu," alisema. Nilitia kufuli, nikaenda.

Wiki hiyohiyo mafundi wa idara yetu waliweka mashine ndogo ya kupima hewa kwenye paa la shule ya chekechea iliyopakana naye. Hewa ikichafuka, namba iligeuka nyekundu kwenye simu yangu. Nilitarajia kijani, kwani tanuri lilikuwa limezimwa. Lakini kila alfajiri, nyekundu. Nikawa mtu wa kuchungulia simu kanisani, mezani, hata mke wangu akinieleza jambo.

Siku ya tano, alfajiri, nilivaa koti, nikashuka kwa miguu kwenye ukungu, nikiufuata moshi kwa pua hadi nyuma ya kiwanda cha mbao. Mwenye kiwanda, mzee wa kanisa letu, alisimama kando ya lundo la vumbi la mbao na tairi kuukuu, likiwaka. Wafanyakazi wake wangefika asubuhi na kukuta majivu tu. Nilimwonyesha namba nyekundu ya mashine kwenye simu.

"Ati umetumwa na mashine?" akacheka. "Itaapishwa kortini?"

"Nitaapa mimi. Nimeona."

Nilipiga picha, nikamwandikia notisi hapohapo. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa yule mama kumfungulia.

"Mashine imesema, ndipo umekuja," alisema, ufagio mkononi. "Na mimi niliposema?"

Niliomba radhi. Aliendelea kufagia.

Mzee alipinga notisi. Kortini, wakili wake aliishambulia mashine asubuhi nzima: nani aliipima, nani aliigusa. Hakimu akaniuliza tu niliona nini kwa macho yangu. Nikaeleza. Kiwanda kikaamriwa kuacha kuchoma taka.

Mzee hakunisalimu tena. Hilo nililizoea. Nisilolizoea ni wasiwasi ulioniingia kazini: kila nilipoona moshi nilizunguka mara mbili, mara tatu, nikawahoji majirani, nikarudi kesho yake. Nilichelewa kufunga hata mahali palipostahili kufungwa, na watoto wa watu wakaendelea kukohoa huku mimi nikitafuta hakika.