Tiara Yenye Macho Mawili

Harufu ya nailoni inayoungua hunijia puani hata leo. Likizo moja ya mwezi wa nane, harufu hiyo ilijaa chumba chetu cha kupanga huko Kitengela, kwa kuwa dada yangu Njoki alishinda akipitisha kingo za kitambaa karibu na mwali wa mshumaa ili nyuzi zisifumuke. Yeye alikuwa na miaka kumi na minne, mimi tisa. Mama, fundi wa nguo, alikuwa ametupatia hema kuukuu la harusi lililoraruka hata halishoneki tena. Njoki alikuwa ameona kwenye simu tiara kubwa zinazoburura watu wazima mchangani, akaapa kujitengenezea yake. Mama alicheka. “Mtoto akililia wembe mpe,” akasema, akaenda zake kibandani kushona sare za shule.

Mimi niliogopa tangu mwanzo. Upepo wa uwanda ule niliujua: uling'oa mabati na kuangusha mbuzi wachanga. Lakini Njoki alihitaji mtu wa kushika kitambaa, nami nilimfuata kila mahali. Alishona tabaka mbili na kuzigawanya kwa mishono, zikawa safu ya mifuko iliyoachwa wazi upande wa mbele ili upepo uingie na kuifurisha. Chini yake alifunga kamba nyembamba nyingi, akaziita hatamu. Hizo ziliungana na kamba nne ndefu: mbili za mbele za kuvuta, mbili za nyuma za breki, zote zikiishia kwenye vipande viwili vya bomba la maji alivyoshika mikononi. Siku za kwanza tiara ilipanda kidogo, ikapinduka na kujikita ardhini kwa kishindo. Kila ilipoanguka, Njoki alipiga magoti kwenye vumbi, akafupisha hatamu moja, akarefusha nyingine. “Ukivuta breki inajikunja, inakufa,” alinieleza, akinishikisha kamba ya nyuma. “Umeona? Hakuna cha kuogopa.”

Ilipotulia angani, akaamua kuipamba. Alikata shuka jekundu lililochakaa, akashona mistari pembeni, na katikati akaweka macho mawili meusi ya mviringo, makubwa kuliko sahani. Usiku niliigeuzia ukutani. Sikutaka inione nikilala.

Siku ya kuirusha hasa, tulivuka barabara ya Namanga, tukafika uwanda uliokuwa mtupu, nyasi kavu na miiba, na mbele yetu machimbo ya mawe yaliyoachwa. Upepo ulikuwa mkali kuliko siku zote. Ili mabomba yasimponyoke, Njoki aliyafunga viganjani kwa vipande vya kitambaa. Nikamwambia turudi nyumbani. “Wewe unaogopa bure,” akasema. “Inua.” Nikaiinua. Ilifura kwa mlio kama wa shuka linalokung'utwa, ikanitoka mikononi, na kabla sijageuka, dada yangu alikuwa akikimbia bila kupenda. Kisha miguu yake ikaacha ardhi. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wahenga walisema, nami niliuona usaha huo ukitumbuka. Alishuka kwa magoti, akaanguka kifudifudi, akaburutwa juu ya miiba kuelekea kwenye machimbo.

“Achilia!” nilipiga kelele.

“Siwezi! Imefungwa!”

Nilikimbia huku nikilia. Nilimrukia mgongoni, nikadhani uzito wangu ungemzuia, lakini tiara ilituburura sote wawili. Niliona ukingo wa shimo. Niliona kokoto zikitutangulia kuanguka. Nikanyoosha mkono, nikashika kamba moja ya nyuma na kuivuta hadi ikanipasua kiganja. Tiara ilipinda, macho yake yakatugeukia, ikajikunja na kutumbukia shimoni. Tukalala pale, mguu wa Njoki ukining'inia hewani.

Mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akichunga mbuzi alifika akihema, akakata vitambaa kwa kisu na kutuvuta nyuma. Bega la Njoki lilikuwa limeteguka. Alilifunga kwa shuka lake mwenyewe. “Msilie,” akatuambia. “Twende polepole.” Alitusindikiza mpaka kwenye kibanda cha Mama. Mama hakutuchapa. Aliketi chini sakafuni, akatushika miguu kana kwamba anahesabu kama ipo yote.

Sasa uwanda ule ni ploti zenye kuta, na machimbo yamefukiwa, maghorofa yamesimama juu yake. Watoto wa jirani zangu wanachezea kwenye maegesho ya magari, mlinzi akiwatazama. Ni salama zaidi, nami nashukuru, ingawa sijamwona hata mmoja akishona kitu kwa hamu aliyokuwa nayo Njoki. Yeye anafundisha Kajiado mjini, na mkono wake wa kulia hauinuki kupita sikio. Nilipomtembelea juzi, tukianika nguo, mimi nikifikia kamba kwa niaba yake, aliniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza.

“Uliona shimo lile. Mbona hukuniachilia?”

Nilibana kambani nguo iliyokuwa mkononi.

“Niliogopa kurudi nyumbani peke yangu,” nikamwambia.

Alinipa nguo nyingine, nikaianika.