Nilikwama kwenye neno "mtoto", Goma yote ikacheka

Admin, jina langu libaki kwako. Mtaa unaweza kuutaja, Majengo tuko wengi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, nina watoto watatu, ninatwanga sombe, majani ya muhogo, na kuiuza. Naandika mwenyewe, polepole, kwa hiyo munisamehe makosa.

Sikusoma. Nilizaliwa Masisi, waasi wakatufukuza kule nikiwa mudogo. Tulipofika Goma nikaingizwa darasa la kwanza, na kabla sijajua kuandika jina langu volkano ikapasuka, lava ikafunika shule na nyumba tuliyopanga. Baada ya hapo hakuna aliyenirudisha shuleni. Nilikua hivyo, nikaolewa hivyo. Bwana wangu ni shofere wa lori la samaki wa Vitshumbi, alijua na hakuniuliza kitu.

Waasi walipofunga barabara, yeye akabaki upande ule wa Vitshumbi. Kupiga simu ilikuwa shida, reseau inakatika, ila meseji zilifika. Jirani yangu, nimuite Mama Furaha, ndiye alinisomea na kuniandikia majibu. Alikuwa anasoma kwa sauti mbele ya watu, na pale bwana wangu aliponiandikia maneno ya mapenzi alirudia mara mbili, wanawake wote wacheke. Nilichoka. Nikasikia kwamba pale Murara, kwenye maktaba ya watu wote, kuna darasa la wamama la kujifunza kusoma, bure. Nikaenda.

Jamani, nilifurahi. Wiki chache tu nikaanza kusoma majina ya maduka njiani. Siku moja kijana anayeshughulika na Facebook ya maktaba, nimuite Serge, akaja na telefone yake kunifilmu nikisoma. Nikamwambia, "Usiniweke ku Facebook, mutoto wangu. Watu wananijua."

"Hapana, Mama. Ni ya kazi yetu ya ndani tu. Uko naogopa nini?"

Nikasoma. Nikafika kwenye neno "mtoto" nikakwama. Sisi tunasema mutoto, sasa ile M na T kukaa pamoja bila kitu katikati ilinishinda. Nikasema "ma... mi... mi-to..." Jasho likanitoka. Serge akaendelea kufilmu.

Kesho yake nikiwa sokoni, vijana wakapita wakiimba, "Ma! Mi! Mi-to!" Sikuelewa. Jioni Mama Furaha akaniletea simu yake huku anafuta machozi ya kicheko. Ilikuwa mimi. Kidole changu kwenye kitabu, mdomo wazi. Juu wameandika: "Mama wa watoto watatu, hajui kusoma neno MTOTO! Na wewe, uko na sababu gani ya kukosa kuja maktaba?" Chini matusi hayahesabiki. Wengine walikuwa wameshakata sura yangu kuifanya stika ya WhatsApp. Binti yangu mukubwa alitumiwa hiyo stika na wenzake wa shule. Hakunilaumu. Ila tangu siku ile anapita njia nyingine asikutane na mimi nikiuza.

Nilikwenda kwa Directeur wa maktaba, muzee mpole, nikamuomba waitoe. Akanipeleka dirishani. Ndani viti vyote vimejaa vijana.

"Unaona, Mama? Tangu nifanye kazi hapa sijawahi kuona hivi. Ni wewe umewaleta."

"Papa, wananicheka mimi."

"Wanacheka, lakini wanakuja. Wakishakuja wanasoma."

Serge naye akasema, "Mama, video iko natembea vizuri. Tukiitoa page inakufa."

Nilipofika nyumbani simu ikalia. Meseji ya bwana wangu. Kwa mara ya kwanza sikumpelekea Mama Furaha. Nilikaa kitandani nikasoma neno kwa neno, sikukwama popote: "Nimeona video. Hapa ku parkingi bashofere bote bako nacheka. Umeniharibia sura. Usiniandikie tena." Nilirudia nikidhani nimesoma vibaya. Sikuwa nimesoma vibaya. Tangu pale simu yangu hapokei.

Sasa juma hili wageni wanaosaidia maktaba wanakuja, na wamesema wanataka kumuona "mama wa video". Wanataka nisome tena, live. Directeur ameniambia wazi kwamba nikikataa, wageni hawataona maana ya darasa la wamama na litafungwa. Wenzangu wamekuja nyumbani kunibembeleza. Mmoja alipiga magoti, anataka kusoma kabla macho hayajaharibika.

Nikamwambia Serge, "Sawa, lakini ile 'mtoto' sasa naijua. Nitaisoma vizuri."

Akanishika bega, akasema kwa sauti ndogo, "Hapana, Mama. Kwama kidogo. Pale ndiyo watu wanapenda."

Ndugu zangu, sijalala vizuri tangu hapo. Nikienda, binti yangu atanitazama nikijifanya mujinga mbele ya Goma yote, na baba yake huko aliko atapata sababu ya kutorudi kabisa. Nisipoenda, wamama wale watarudi majumbani kwao, na watasema ni mimi. Munishauri, ningekuwa dada yenu mungeniambia nifanye nini? Majibu yenu nitayasoma mwenyewe, hata ya kunicheka.