Waya wa Tere Nyumbani kwa Mkwe Wangu

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha mawese hapa Rumonge, nilinyoosha mkono ndani ya kabati la umeme ili nionekane hodari. Shefu wa ufundi, mkubwa wetu wa kazi, alinivuta kwa kola. "Weye, unapima na mukono? Umeme haiko na ndugu." Juma zima nikafagia tu, sigusi waya.

Baadaye nilipelekwa Minago, kisha Magara kwenye mashine za barafu, kila mahali chini ya mkubwa mwenye sauti kubwa kuliko jenereta. Waliyonifundisha nayasema tena, ingawa nimechoka kuyasema. Karakana ya nyumbani ipewe njia yake ya umeme kutoka kabatini, isidandie soketi ya sebuleni. Mashine ya kuchomelea iwe na waya mnene wa peke yake. Nyaya zipite ndani ya bomba, juu ukutani, kwa sababu sakafuni mawese huzilainisha ngozi mpaka zibanduke. Na kila chuma kifungwe kwenye tere, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliotoroka. Hapo ndipo dijonteri, kile kidude cha kukata umeme, huanguka, yaani hujizima. Kikianguka kinakuambia kuna ubovu, lakini watu wanakiona adui.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu Zawadi, anatengeneza mota za mashine za kukamua mawese nyuma ya nyumba yake. Kwetu baba mkwe hapekui kwa mkwewe: anakaa sebuleni, anapewa fanta, anasifu. Mara tatu nilikaa hivyo nikiisikia dijonteri ikianguka, tak, na mkwe akiirudisha. Nilimeza maneno. Mara ya nne kukawa kimya, nami mzee mjinga nikafurahi kwamba ameita fundi wa umeme.

Kisha dirishani nikamwona Zawadi akipita uani pekupeku, na beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, linachuruzika maji, akienda kulitua kwenye meza ya chuma ya mumewe, mota ikiunguruma juu ya meza hiyo. Nilitoka mbio.

"Zawadi, simama hapo hapo."

Nikatoa mfukoni testa, bisibisi ya kupimia umeme, nikaigusisha kwenye meza. Taa yake ikawaka, maana meza ilibeba umeme. Nikamgeukia mkwe aliyekuwa kando ya mota.

"Mukwe, tere iko wapi?"

"Niliitosha, baba, niliifungua. Ilikuwa inakatisha kazi kila saa."

"Haukuona ni mota iko mubovu?"

"Lakini sasa si inatembea muzuri, baba?"

Nilizima umeme wa nyumba nzima, nikaufunga tena ule waya, na mota nikaitoa nje mwenyewe. Mkwe alikuwa akinipokeza koleo kwa mikono miwili, kwa heshima, na heshima hiyo ilizidi kuniudhi, maana ni ileile iliyonikalisha sebuleni.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kosa kubwa nililoliona kazini, wakitarajia niwasimulie moto. Nilipokuwa shefu niliwafukuza mafundi wawili kwa kusikia ubovu na kunyamaza. Mimi nilinyamaza mara tatu, na mwenye beseni alikuwa mtoto wangu.