Kurasa Nne Zenye Wino Mweusi

Mama aliyenilea tulimzika Butula. Matanga yalipoisha, baba aliniita jikoni akanipa karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Nilijua tangu darasa la tano kwamba wao walinichukua kutoka makao ya watoto, hawakunificha. Ila karatasi hiyo sikuwahi kuiona. Ilisema: mtoto wa kike, umri kama mwezi mmoja, amepokelewa Malaba. Chini palikuwa na nambari ya faili.

"Mama yako alisema nikupe akishaondoka," baba alisema. "Yeye mwenyewe hakuweza."

Kazi yangu ni kutayarisha karatasi za mizigo ya malori yanayovuka mpaka. Kutwa natafuta hati iliyokosekana, na mara nyingi huipata kwa sababu najua niulize dirisha gani. Nikadhani na hili litakuwa hivyo.

Makao yale yalifungwa zamani, mafaili yakahamishiwa ofisi moja ya serikali mjini Busia. Huko nilimkuta afisa, mama wa makamo aliyevaa sweta hata katika joto lile. Aliisoma karatasi yangu polepole, akanieleza kwamba sheria inanipa haki ya kupata habari zinazonihusu, niandike barua ya ombi. Niliiandika pale pale, nimesimama.

Baada ya wiki chache alinipigia simu, nikaenda. Akanikabidhi nakala ya kurasa nne. Karibu nusu ya mistari ilikuwa imefunikwa kwa wino mweusi. Nilisoma kilichobaki. Uzito wangu. Kwamba nililetwa na mama mzazi mwenyewe, akatia alama ya kidole gumba. Kwamba baada ya kunikabidhi alikaa kwenye benchi nje hadi saa kumi jioni. Na jina alilonipa, ambalo sikuwahi kulisikia. Sitaliandika hapa.

"Hapa mmefunika nini?" nikauliza.

"Jina lake, na kwao."

"Lakini madam, faili ni langu."

"Yaliyo yako nimekupa, binti yangu. Yake yanalindwa na sheria ile ile inayolinda yako. Wewe ungependa mtu apewe habari zako bila kuulizwa?"

Akasema anaweza kumtafuta kimyakimya, amuulize kama angekubali tuonane. Nikamwambia amtafute.

Siku zile sikuwa mtu wa kawaida. Nilinunua viatu vipya. Nikiwa kazini Malaba niliwatazama akina mama wanaovuka na mizigo kichwani, nikipima paji la uso la huyu na mwendo wa yule. Mmoja wao aliniuliza kama ninamdai.

Afisa aliponiita tena, alifunga mlango kwanza. Nilijua kabla hajaketi.

"Nimempata. Ni mzima," alisema. "Lakini amekataa. Ameolewa, ana mzee na watoto, na hakuna anayejua."

"Hakusema kingine?"

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akakaa nayo mkononi. "Aliuliza kama ulisoma."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia siwezi kutoa habari zako bila idhini yako. Ulikuwa hujasaini."

Nilitafuta mtu wa kumkasirikia mle ndani, sikumpata. Afisa alikuwa amefanya kazi yake vizuri. Nikaomba fomu ya idhini. Nikaandika kwamba nilisoma hadi chuo, nina kazi, nina mtoto mmoja wa kike. Nikaandika kwamba sina kinyongo, jambo ambalo halikuwa kweli lote.

Afisa alipiga simu mbele yangu, akiibana sikioni ili nisisikie sauti ya upande wa pili. Iliita hadi ikakatika. Alipojaribu tena ilikuwa imezimwa. Wiki iliyofuata aliniambia laini ile haipatikani kabisa, na kwamba mtu akishakataa, yeye kama afisa hana ruhusa ya kumwendea nyumbani mara ya pili.

"Fomu yako itakaa kwenye faili," alisema. "Siku akija mwenyewe kuuliza, nitampa."

Hajaja. Huwa napitia pale ninapokwenda Busia, na siku hizi afisa hutikisa kichwa akiniona tu mlangoni, ili nisipoteze muda kuketi.

Jioni ya siku niliyosaini fomu nilikwenda Butula kumweleza baba. Alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote, hadi swali lile la kama nilisoma.

"Kwa hivyo ni mzima," akasema.

"Ni mzima."

Aliendelea kupukuchua hindi moja, kisha machozi yakamtoka. Hata makaburini sikumwona akilia.

"Angeniuliza mimi," akasema, "ningemwambia. Ningemwonyesha hata ripoti zako za shule. Mama yako alizitunza zote."