Chura wa Machimboni

Kazi yangu Mwala ilikuwa kupima maji ya ardhini kando ya machimbo ya mawe yaliyofungwa na kuanza kujaa maji. Nilikuwa nateremsha utepe ndani ya bomba refu. Ncha yake ikigusa maji, utepe unalia. Asubuhi moja ulilia ukiwa haujafika mbali.

“Mama, maji yamepanda, yatafurika!” nikamwambia mama mwenye shamba jirani.

Akapiga nduru, akaswaga mbuzi wake hadi kilimani huku akisali rozari. Nilipovuta utepe, ncha yake ilikuwa imekumbatiwa na chura mnene aliyelowa chapachapa.

“Mama, rudi! Ni chura tu!”

“Muulize kwanza maji yako wapi!” akajibu.

Nilimuuliza kweli. Akaninyeshea mkojo mkononi, akaruka zake.