Watatu Ni Mkutano

Nilishuka bandari ya Kemondo asubuhi ya mvua. Treni ya kwenda Mwanza ilikuwa imenichosha mgongo, meli ikanimalizia tumbo. Nilikuwa kijana wa kidato cha nne, nisiyejua kukaa mahali, na chama kimoja cha ushirika upande wa Muleba kilitaka karani wa kupima kahawa. Lori la chama likanipandisha vilimani. Migomba kulia, migomba kushoto. Nyumba huzioni, unaona moshi tu ukitoka juu ya majani.

Nilipewa chumba kwa mzee mmoja mkulima na mkewe. Watoto wao walikuwa wameolewa na kuoa mbali. Mama alinipokea na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, buni nzima zilizokaushwa na viungo. Nilidhani ni dawa, nikameza.

"Mgeni amekula mbegu!" alicheka mzee. "Tutakuvuna mwakani."

Wakati ule vijiji vya ujamaa vilikuwa vinapangwa kila mahali. Siku moja kiongozi kutoka wilayani alikuja kutuambia nyumba za kilimani zishuke barabarani. Makaburi ya baba na babu wa mzee yalikuwa ndani ya kibanja chake, shamba linaloizunguka nyumba, katikati ya migomba. Alisimama, kofia mkononi.

"Bwana mkubwa, redioni tumesikia kuhamia kijijini ni kwa hiari. Hii ya leo imetoka katika sheria gani?"

"Mzee, unataka kunisomesha?"

"Hapana, waitu," alijibu, kwa neno la heshima la kwao. "Nataka unisomee."

Watu walicheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomponza. Jioni polisi walimchukua.

Hakimu wa mahakama ya mwanzo, aliyesoma darasa moja na mzee, alipita nyumbani kumtuliza mama. Alieleza kwamba kiongozi alikuwa na uwezo wa kumweka mtu ndani bila mashtaka, lakini kwa saa arobaini na nane tu. Zikiisha, ama ampeleke mahakamani ama amwachie. Mama alilishika neno hilo kama sala.

Na kweli alirudi ndani ya saa hizo. Lakini kule, mtu aliyetoka katika hatari hapokelewi na mkewe peke yake. Walikuja wa kilima chetu na wa kilima cha pili, wanaume na vibuyu vya pombe ya rubisi, wanawake na vigelegele, na ngoma moja kuukuu. Mzee alicheza huku akilia. Hakuna aliyefikiri kwamba furaha nayo huombewa kibali.

Asubuhi polisi walirudi kumchukua. Mkutano usio na ruhusa, walisema, wa kumshangilia mpinzani wa maendeleo.

Safari hii, saa zilipotimia, alitolewa hadi kwenye kizingiti cha kituo. Mimi na mama tulikuwa pale na ndizi zake zilizofungwa kwenye jani, bado za moto. Kabla hajamaliza kuvaa viatu, askari alisema samahani mzee, rudi. Saa zikaanza upya. Akatolewa tena, akarudishwa tena.

Tulimfuata hakimu. Hakutuangalia usoni.

"Sheria imesema saa ngapi," alisema. "Haikusema mara ngapi."

"Na katiba?" niliuliza. Shuleni tulifundishwa kwamba ipo juu ya wote.

"Haki zimeandikwa kwenye utangulizi, kijana. Zimefika mlangoni. Ndani hazijaingia."

Mwishowe walimwacha, na onyo: pakionekana tena mkusanyiko kwake, atapelekwa kizuizini mbali, kwa amri ya juu isiyo na saa. Basi majirani wakampenda kwa namna nyingine. Hawakuja. Waliokwenda kuchota maji walizunguka njia ya chini. Aliyelazimika kupita kibanjani aliisalimia migomba kwa sauti, mzee aliye ndani asikie, kisha akaharakisha.

Kila jioni mama aliweka kikapu cha kahawa mezani. Mzee alikaa akiutazama mlango ulio wazi. Tulitafuna sisi watatu hadi buni zikapungua ladha. Sijawahi kuwa na upweke kama ule, nao haukuwa hata wangu.

Siku moja askari wa kituo, mtu wa mizaha, alinikuta mizanini.

"Karani, bado unakaa kwa yule mzee? Mume, mke, na wewe. Wawili ni nyumba. Watatu ni mkutano!"

Alicheka, nami nikacheka. Nilipowasimulia jioni, mzee hakucheka. Mama aliinuka akaenda jikoni, na sikusikia sufuria wala kijiko.

Sikuwauliza kama nibaki. Niliomba chama kiniachie, nikafunga sanduku langu.

Siku niliyoondoka mama alinipa buni ndani ya kipande cha jani la mgomba. Desturi ni kumsindikiza mgeni hadi barabarani, hata umbebee mzigo. Mzee alinibebea sanduku hadi mgomba wa mwisho wa kibanja, akalitua.

"Hapa ndipo ninapoishia, mwanangu."

"Rudi ndani, tata. Mtabaki wawili."

"Ndiyo," alisema. "Tutabaki nyumba."

Nilitembea hadi njia ilipopinda, nikageuka. Alikuwa bado amesimama pale pale, kofia mkononi. Nikateremka peke yangu kuelekea kwenye lori la Kemondo, nikitafuna polepole. Safari hii sikumeza.